Ubeti Uliobaki Kisimani

Siku ya tatu tangu Korane aanze kuuweka wimbo wa marehemu mkewe hotelini, majagi ya maji yalikutwa makavu mezani kabla mteja hata mmoja hajaketi.

Yalikuwa majagi kumi na mawili, kila meza na lake, na aliyeyajaza kila siku saa tano na nusu alikuwa Mamo, mpishi, ili watu watokapo kuswali adhuhuri wakute maji yametulia. Mamo alikuwa Mborana wa Wajir, mzee wa miaka sitini, asiyejua uongo na asiyesamehe uchafu. Yeye na Korane walizungumza Kiswahili, kwa kuwa lugha ya mama ya kila mmoja ilikomea mlangoni pa mwenziwe.

"Korane," aliita kwa sauti ya chini, "hii majagi nimejaza mimi mwenyewe."

"Labda umesahau."

"Nisahau moja, sawa. Nisahau kumi na mbili?" Aliliinua jagi moja akaligeuza kwenye mwanga. "Angalia ndani. Maji ikimwagika inaacha alama. Hii ni kama haijaona maji tangu itoke kiwandani."

Korane akacheka kidogo, akalilaumu joto, maana mwezi wa Machi Garissa hukausha nguo kabla mwenye kuanika hajageuka. Mamo hakucheka.

"Joto haina mdomo," alisema, akarudi jikoni.

Suala la nini kisikike ndani ya hoteli ile lilikuwa limemtaabisha Korane kwa miezi mingi. Hoteli ilikuwa kando ya barabara iteremkayo darajani, ina miarobaini miwili mlangoni na spika mbili ndogo ukutani, na wateja wake walikuwa wa namna tatu: madereva wa malori ya Modogashe na Mandera, maafisa wa mashirika waliopita wakielekea Dadaab, na wazee wa mjini waliokuja kunywa chai ya maziwa ya ngamia na kulaumu serikali. Kila kundi lilikuja na masikio yake. Alipofungulia habari za redio, wazee waligombana juu ya koo na viti hata chai ikapoa. Alipoweka nyimbo za vijana wa Nairobi, wazee hao hao waliziokota bakora zao wakaondoka wamenyamaza, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. Nyimbo za kale za udi ziliwapendeza madereva kupita kiasi, wakawa wanashinda na kikombe kimoja tangu asubuhi. Mwisho akaweka kisomo cha Qur'ani, na Maalim Kerrow, mwalimu wa madrasa aliyekula tambi pale kila siku, akakiweka kijiko chini.

"Korane, hayo ni maneno ya kusikilizwa, si ya kutafunia nyama. Ama watu wanyamaze, ama wewe uzime."

Korane akazima, na kimya kikaingia. Kimya ndicho alichokiogopa kuliko vyote, kwa sababu mkewe Ebla alikuwa na miezi kumi kaburini, na palipokuwa kimya ndipo alipomsikia kwamba hayupo.

Wimbo aliuchukua kwenye simu yake. Alikuwa ameurekodi miaka miwili nyuma, kwenye kisima cha baba mkwe wake, mbali kidogo na Modogashe. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo bintiye mkubwa ndiye aliyeshika kamba na ndoo na kuwaimbia ngamia, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kisomali, na maana yake, kwa mwenye kujaribu kuibeba bila kuimwaga, ilikuwa hivi:

*Njoo uliye wa kwangu, kisima kimefunuka,*
*Njoo usiye wa kwangu, kamba haijakatika,*
*Kiu yako kiu yangu, sinywi hujaburudika.*

Ebla aliurudia ubeti huo mara nne, akainua macho, akaona simu, akacheka, akauficha uso kwa mtandio. "Korane, zima hiyo," alisema. "Nitakumalizia nyumbani." Hapo ndipo rekodi ilipokatikia. Korane aliipeleka kwa fundi wa simu, naye akakata kicheko na maneno yale ya mwisho, akauunga mwisho wa wimbo na mwanzo wake, ukawa unazunguka bila kikomo kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Ulifaa kuliko vyote. Haukuwa na ngoma wala siasa. Wazee walifumba macho wakiusikiliza, na madereva, ambao kila mmoja alizaliwa nyuma ya mifugo, walitafuna taratibu. Aliyeukataa alikuwa mtu mmoja tu. Dahabo, mdogo wake Ebla, alikuja kumletea Hibo, binti wa Korane na Ebla, sare za shule zilizofuliwa, akaisikia sauti ile kizingitini, akasimama na nguo mikononi.

"Walaal, ndugu yangu," alimwambia Korane, "dada yangu unawawekea wanaume wamtafunie mchele?"

"Ni wimbo wa kisima, Dahabo, si wa harusi."

"Ndiyo maana nasema. Ule ni wimbo wa kazi. Una ubeti wa kuita na una ubeti wa kumruhusu aliyekunywa aende zake. Ukiita, unaruhusu, hata kama amekuja mbuzi mmoja. Wewe unaita toka asubuhi mpaka jioni."

"Ngamia wa Modogashe hawasikii kutoka hapa."

"Wanaosikia si ngamia peke yao."

Korane aliyapokea maneno hayo kama huzuni ya mtu aliyefiwa na dada, akamkaribisha chai, naye hakuinywa.

Baada ya majagi, zikafuata thamosi. Mamo alizijaza chai alfajiri akazikaza vifuniko. Zilipofunguliwa adhuhuri, mlikuwa na majani makavu yaliyoshikamana na kitako. Ndimu zilizokatwa zilisinyaa kabla hazijafika mezani. Kisha ikaja harufu, na mji ulikuwa haujaona mvua tangu Novemba: harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa kutoka chini sana, na ndani yake harufu ya manyoya ya ngamia yaliyolowa. Kisha sauti. Yakub, dereva wa Mandera, mtu wa mzaha asiyewahi kumaliza mlo bila kumchokoza mtu, ndiye aliyeisikia kwanza mbele ya watu.

"Korane, siku hizi mchuzi wako una chumvi ya bahari nzima."

"Chumvi ni ile ile."

"Basi mwenye kasoro ni mimi. Nimekunywa glasi saba, walaal, na ulimi wangu ni kama mkeka." Kisha akanyamaza, kijiko kikiwa hewani. "Nani ameingiza ngamia?"

Kila aliyekuwamo alisikia. Ilikuwa kengele ya mti, ile ivishwayo ngamia kiongozi, ko, ko, ko, ikiingia kwa mlango uliokuwa wazi na usio na mtu, ikipita kati ya meza na meza polepole, kama mnyama achaguaye pa kuweka mguu, ikaenda kukoma kwenye meza ya ukutani, chini ya spika. Yakub aliinama kutazama sakafu. Juu ya vigae vyeupe palikuwa na nyayo za tope, pana, zenye vidole viwili, nazo zilikuwa zikikauka machoni pake. Hakusema la mzaha. Aliosha mkono mmoja, akasahau wa pili, akatoka, na tangu siku hiyo malori ya Mandera yakawa yanapita bila kupunguza mwendo.

Meza ile ya ukutani ndiyo aliyokalia Hibo kila siku atokapo shule. Alikuwa na miaka minane.

Siku iliyofuata wateja hawakuja, na baada ya adhuhuri Mamo akaenda kujinyoosha chumbani kwake. Korane alibaki peke yake na wimbo. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la mabati, mtaa umenyamaza kama unavyonyamaza Garissa saa ile ambapo hata mbuzi huacha kutafuta, na Ebla akaimba, *njoo uliye wa kwangu*, naye Korane akifuta meza akahisi kwamba nyuma ya sauti ile ipo sauti nyingine, inayoifuata kwa nusu pumzi kama kivuli kimfuatavyo mtu, sauti ile ile, koo lile lile, ila kavu, kavu kama ngozi iliyosahauliwa juani, na kadiri alivyosikiliza ndivyo ya pili ilivyoikaribia ya kwanza, hata zikawa zinatamka pamoja, hata ya pili ikatangulia, hata alipounyoosha mkono kuzima spika akakuta kwamba umeme ulikuwa umekatika, tangu lini hakujua, na kwamba kilichokuwa kikiimba hakikuwa ukutani tena bali mezani, kwenye kiti cha Hibo.

Wimbo ukakoma. Harufu ya udongo mbichi ikajaa.

"Korane," ilisema sauti. "Maji."

Lau ingesema neno lingine lolote, angekimbia. Lakini neno hilo lilikuwa na mahali pake ndani yake.

Siku ya mwisho ya Ebla, utumbo ulikuwa umejisokota, na daktari aliagiza asipewe hata tone mpaka apasuliwe. Kutoka alfajiri mpaka adhuhuri Ebla aliomba maji. Mwanzo aliomba kwa mzaha, kisha kwa ukali, kisha kwa jina la mtoto wao. "Korane, maji. Nilowanishe ulimi tu." Yeye alikuwa na chupa ya maji mkononi, aliyojinunulia mwenyewe, akaificha mgongoni. Ebla akaiona. Aligeuza uso akautazama ukuta, na hivyo ndivyo alivyokuwa walipokuja kumchukua, na hakurudi. Hakuna aliyekosea. Amri ilikuwa ya haki, na Korane aliijua haki hiyo, na miezi kumi haijampa usingizi.

Alimimina glasi. Aliiweka mbele ya kiti kitupu. Maji yakashuka taratibu, bila sauti, kama mtu mwenye adabu anywavyo, hata glasi ikawa kavu.

"Wewe ni Ebla?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Mimi nilikuwa naye," ilijibu. "Nilikuwa ndani alipogeukia ukuta. Najua alilolisema moyoni."

Korane alivuta kiti akaketi.

"Alinisamehe?"

"Kesho," ilisema sauti. "Niite kesho."

Ndivyo Korane alivyoanza kufunga mlango wa hoteli kila adhuhuri. Alimwambia Mamo kuwa biashara imelala na yeye alale. Aliufungulia wimbo, akangoja kengele, akamimina glasi mbili, kisha tano, kisha ndoo nzima, na kila siku aliuliza swali lile lile na kila siku aliambiwa kesho. Sauti ilimpa makombo ya kumweka njiani. Ilimtajia rangi ya mtandio ambao Ebla aliuvaa siku ya posa. Ilimkumbusha jina walilotaka kumwita mtoto wa pili, ambalo hawakuwahi kumwambia mtu. Mara moja ilicheka kicheko kile alichokikata fundi, na Korane akaegemeza kichwa mezani akalia mpaka kitambaa kikalowa, na alipoinua uso kitambaa kilikuwa kikavu, na mashavu yake pia.

Hakuona, au aliona na akayasukuma macho kando, kwamba Hibo amebadilika. Mtoto alikunywa maji kabla ya kula na baada ya kula, akaamka kunywa. Midomo ilipasuka. Kwenye mgongo wa kiganja chake ngozi ikawa ukiifinya haishuki. Zahanati walimpima sukari, wakampima mkojo, wakasema hana ugonjwa, mpeni maji.

"Aabo," alimwambia babaye asubuhi moja, "hooyo ananikalia mapajani. Mama ni mzito."

Korane alikuwa akifunga viatu vya shule vya mtoto. Vidole vikasita kwenye kamba, kisha vikaendelea.

"Umeota," alisema. Siku ile bado alimwacha akae kwenye meza ya ukutani, kwa sababu sauti ilikuwa imemwambia kesho, na kesho hiyo ilikuwa leo.

Mamo ndiye aliyemkuta. Alitoka chumbani akamwona Hibo ameanguka ubavuni pa kiti, mdomo wazi, ulimi mweupe, na babaye amepiga magoti, si kwa mtoto, bali mbele ya kiti kitupu, akisema, "Leo, tafadhali, umeniahidi leo." Mzee yule hakupiga kelele. Alimwokota mtoto, akampeleka uani kummwagia maji kichwani, na alipopita mlangoni akageuka.

"Mimi nimepika kwa watu wengi," alisema. "Sijaona mtu anapika mtoto yake."

Maalim Kerrow alikuja alasiri ile kwa bodaboda, na Dahabo akaja nyuma yake kwa miguu, bila salamu. Hibo alilazwa kwenye mkeka jikoni. Maalim alisoma juu yake, akasoma mlangoni, akasoma kwenye meza ya ukutani, na kila alipoinua sauti kengele ilirudi nyuma hatua mbili tatu, na kila alipovuta pumzi ikasogea tena. Akafunga msahafu akajifuta jasho.

"Nieleze ulivyoanza," alisema, na Korane akamweleza, pamoja na chupa aliyoificha mgongoni, ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Maalim akauweka msahafu mapajani.

"Kila mwanadamu huzaliwa na mwenziwe wa kijini," alisema. "Qarini. Husikia alisikialo, hujua alijualo. Mtu hufa, mwenziwe hubaki, umri wao si wetu. Ebla yuko kwa Mola wake, hana haja na jagi lako. Huyu ni yule aliyetembea naye miaka thelathini na nne, kisha siku moja akajikuta hana wa kutembea naye. Akasikia sauti aliyoipoteza inamwita aje anywe. Ungekuwa wewe usingekuja?"

"Basi mfukuze, Maalim."

"Nimfukuzeje mgeni ambaye mwenye nyumba hachoki kumwita? Kisomo kitamlegeza. Kumtoa ni juu ya aliyeita."

"Aliyeita ni Ebla."

"Aliyeita ni kidole chako," alisema Dahabo. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie. Alikaa karibu na Hibo, akimlowanisha midomo kwa kitambaa. "Uliimbiwa nusu ya wimbo ukajiona umeshiba. Njoo hapa nikufunze nusu ya pili."

Akamfunza hapo jikoni, kwa mnong'ono, kati ya masufuria. Korane, ambaye hakuwahi kuimba mbele ya mtu, alirudia mpaka ulimi ukazoea.

"Na usikatize," Dahabo alimwonya. "Ubeti wa kuruhusu haukatwi. Ukiukata katikati, ukasita hata kwa neno moja, umeita upya, na safari hii sijui kama mtoto ataamka. Litakalosemwa, acha lisemwe. Wewe imba."

"Kama litasemwa lile?" aliuliza Korane.

Dahabo alijua ni lipi. Alimtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza siku ile bila hasira.

"Ndiyo, walaal," alisema. "Hata lile."

Walingoja adhuhuri ya kesho yake, kwa kuwa ndiyo saa yake. Maalim alisimama mlangoni akisoma kwa sauti ya chini, Dahabo na Mamo wakabaki jikoni na Hibo, ambaye alikuwa hajafumbua macho tangu jana. Korane hakuufungulia wimbo. Alimimina glasi moja, akaiweka mezani, akaketi mkabala na kiti kitupu. Kengele ikaja, ko, ko, ko. Harufu ya kisima ikaja. Maji yakashuka mpaka nusu ya glasi, yakasimama.

"Leo huniiti," ilisema sauti. Haikuwa kavu sana kama siku zote. Ilikuwa imechoka.

"Leo nimekuja kukuruhusu."

"Nilizaliwa saa ile ile pamoja naye," ilisema sauti. "Wewe ulimjua miaka kumi na mmoja. Wewe una kaburi la kuzuru. Mimi wakiniuliza nimefiwa na nani niseme nini?"

Korane hakuwa amejiandaa kuhurumia. Alishika ukingo wa meza, akafumba macho, akaanza:

*Umekunywa, nenda zako, malisho yakungojea...*

"Subiri," ilisema sauti. "Nitakwambia. Si kesho. Sasa hivi."

Nyuma yake Maalim akapandisha kisomo, na mabati ya paa yakaanza kulia kama yaliavyo kwa mvua, ilhali mvua haikuwepo, na majagi yote kumi na mawili yakatetemeka juu ya meza zao, na harufu ya udongo ikawa nzito hata kila pumzi ikawa kama kumeza tope, naye Korane akaendelea, *kisima si nyumba yako*, sauti yake ikipasuka kama ya mvulana, *usije ukazoea*, na mbele yake, karibu sana, kwa pumzi iliyogusa uso wake, kwa sauti ya Ebla isiyokauka tena bali mbichi, laini, sauti ya alfajiri kabla mtoto hajaamka, kile kiumbe kikaanza kusema, "Alipogeukia ukuta, alisema, Korane..." na Korane akaelewa kwamba hakidanganyi, kwamba jawabu limefika, kwamba liko hapo, neno kwa neno, na kwamba kulisikia kunataka anyamaze muda mfupi tu, muda wa kumeza mate, na jikoni Hibo akakohoa mara moja, kikohozi kidogo, kikavu, na babaye akafumbua kinywa chake chote akaimba kwa nguvu kama waimbavyo watu wa visimani wanapotaka kusikika na mnyama wa mwisho, aliye mbali,

*Ni mimi mwitaji wako, kwa heri, nakuombea,*

na chini ya wimbo wake akaihisi ile sauti ikisema, ikisema mpaka mwisho, maneno si mengi, kisha ikanyamaza. Hakulisikia hata moja.

Kengele ilisimama, ikageuka, ikapita kati ya meza kwa hatua zile zile za polepole. Maalim Kerrow alisogea upande kuipisha, kama mtu ampishavyo mkubwa. Ilitoka mlangoni, ikashuka barabara ya darajani, ikafifia kuelekea upande wa mto.

Mezani nusu glasi ya maji ilibaki.

Hibo aliamka alasiri akaomba maji. Dahabo akampa, wote wakasimama kumtazama. Alikunywa, akashusha pumzi, akairudisha glasi ikiwa na maji robo. "Nimetosheka," alisema, na Mamo akatoka nje haraka, akisema moshi umemwingia machoni, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Lilibaki jambo moja, na Maalim hakulazimika kulitaja. Jioni, baada ya magharibi, Korane alikaa chini ya mwarobaini na simu yake. Nakala ya fundi aliifuta bila kuifungua. Ile ya asili aliishika muda mrefu. Hakuthubutu kuugusa wimbo. Aliusogeza kwa kidole mpaka mwisho kabisa, kwenye zile nyakati chache alizowanyima wateja, akaiweka simu sikioni. Upepo wa Modogashe ulivuma. Ebla akacheka.

"Korane, zima hiyo," alisema. "Nitakumalizia nyumbani."

Akazima, akafuta, na simu ikamuuliza kama ana hakika. Akaijibu kwamba anayo.

Malori ya Mandera yamerudi. Yakub huketi karibu na mlango na huosha mikono yote miwili. Spika zingali ukutani, na mgeni akiuliza mbona hazitoi sauti, Mamo humwambia kwamba hapa watu hula chakula, hawali kelele. Hibo hukaa meza anayotaka.

Na kila siku, kabla ya kwenda msikitini, Korane huijaza glasi moja karibu na ukingo, huiweka kwenye meza ya ukutani, huweka alama ya mkaa mahali maji yalipofika. Anajua kwamba ni vibaya kutamani, na Maalim amemwambia hivyo mara mbili. Hurudi baada ya swala akiharakisha kuliko wenzake, huvua viatu mlangoni ingawa hakuna anayevua viatu hotelini, huenda mpaka kwenye meza ile, huinama sawasawa na glasi na kutazama.

Maji huwa pale pale alipoyaacha.